Damu Katika Ufizi: Karafuu Hutuliza, Bali Haiponyi



Kila mkulima wa karafuu anajua kwamba dawa ya jino haiko mbali naye. Jino likimsumbua usiku huchukua karafuu mbili tatu kutoka jamvini, akazitafuna taratibu na kuzibana pale panapouma, na baada ya muda mfupi mahali hapo hufa ganzi naye akapata lepe la usingizi. Wengine huchovya pamba katika mafuta ya karafuu au ya makonyo wakaibana penye jino. Desturi hii tumeirithi kwa wazee wetu, na si upuuzi. Madaktari wa meno wenyewe kwa miaka mingi wamekuwa wakichanganya mafuta hayo na unga mweupe wa zinki wakapata dawa ya kuzibia jino kwa muda. Kinachofanya kazi ni kitu kiitwacho yujenoli, ambacho ni kiasi cha sehemu 70 mpaka 90 katika kila sehemu 100 za mafuta ya karafuu. Hicho ndicho kitiacho ganzi.

Basi tunayo haki ya kujivunia zao letu. Lakini tunao pia wajibu wa kusema kweli juu yake, kwani sisi ndio tulio karibu nalo na ndio wepesi wa kulitumia. Kweli yenyewe ni hii: karafuu hutuliza maumivu, bali haiponyi ugonjwa wa ufizi. Na kwa kuwa ugonjwa huu katika siku zake za mwanzo kwa kawaida hauumi, mtu angojaye maumivu ndipo atafute dawa huwa amekwisha kuchelewa.

Ugonjwa huu si wa watu wachache. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa wa ufizi uliokwisha kuwa mkali. Kwa hiyo tumeona yafaa kueleza hapa jinsi unavyoanza, unavyoendelea, unavyozuiwa na unavyotibiwa, na mahali ambapo karafuu ina kazi na pale isipo na kazi.

UNAVYOANZA

Kinywa cha binadamu hakikosi vijidudu. Mwaka 1683 Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara ya nguo wa mji wa Delft katika Uholanzi, alikwangua uchafu mweupe uliokuwa baina ya meno yake, akautazama kwa kioo cha kukuzia alichokitengeneza mwenyewe, akaona viumbe vidogo mno vikienda huku na huku. Uchafu ule ndio tuuitao ukoga. Ni utando laini, mweupe au wa manjano kidogo, unaojijenga juu ya meno kila siku. Pitisha ukucha wako juu ya jino, karibu na ufizi, kabla hujapiga mswaki asubuhi, nawe utauona.

Ukoga usipoondolewa hukaa pale jino linapokutana na ufizi. Vijidudu vyake hutoa sumu, na mwili hupigana navyo kwa kuuvimbisha ufizi. Vitabu vingi husema kuwa ufizi mgonjwa huwa mwekundu. Lakini wengi wetu fizi zetu zina weusi wake wa asili, na wekundu huo hauonekani upesi. Alama ya kutegemea ni damu: damu katika mswaki, damu katika mate, damu juu ya muhindi ulioung'ata. Mtu asijidanganye kwamba damu hiyo ni ya kawaida. Mkono mzima hautoki damu kwa kunawishwa, na ufizi mzima hautoki damu kwa kupigwa mswaki.

Jambo hili lilithibitishwa katika Denmark na kutangazwa mwaka 1965. Harald Löe na wenzake waliwachukua watu 12 wenye fizi nzima, wakawaomba waache kusafisha meno. Katika muda wa siku 10 mpaka 21 wote 12 walikuwa na uvimbe wa ufizi. Kisha wakaambiwa wasafishe tena kama kawaida yao, na baada ya kiasi cha wiki moja fizi zao zikarejea katika uzima wake. Hapa mna mafunzo mawili. La kwanza, mwanzo wa ugonjwa ni ukoga ulioachwa. La pili, katika hatua hii ugonjwa huondoka wote, bila ya sindano wala dawa ya kununua, kwa usafi peke yake.

UNAVYOKWENDA CHINI

Asiyeusafisha ukoga huupa nafasi ya kuwa mgumu. Katika muda wa siku chache madini yaliyomo katika mate huugandisha ukawa kama mawe madogo yaliyoshika jino, ya manjano au ya kahawia. Huo ndio ugaga. Ugaga hautoki kwa mswaki wala kwa dawa ya meno. Huwa ni pahali pazuri pa ukoga mpya kushika, na uvimbe huzidi.

Kisha ufizi huachana na jino, pakawa na uwazi mdogo kama mfuko. Katika ufizi mzima kina cha uwazi huo ni milimita 1 mpaka 3. Ukizidi hapo, mswaki haufiki chini, na vijidudu hukaa humo bila ya kusumbuliwa. Mfupa ulioshika jino huanza kuliwa. Ufizi hushuka, meno yakaonekana marefu, pumzi ikanuka, mwanya ukatokea pale ambapo haukuwapo, na mwisho jino hucheza.

Mkulima hahitaji maelezo mengi ili kulifahamu jambo hili. Anajua kuwa mchwa huweza kuula mkarafuu mizizini hali majani ya juu bado ni ya kijani, na siku ya kunyauka kwake mtu husema umekufa ghafula. Haukufa ghafula. Jino nalo huweza kuwa jeupe, lisilo na tundu hata moja, likang'oka kwa sababu mfupa wake umekwisha. Tofauti ni kwamba mkarafuu uliokufa twaweza kupanda mche mwingine tukangoja miaka. Jino la ukubwani halioti tena, na mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe.

Wako wasemao: "Babu yangu hakupata kupiga mswaki, na alikufa na meno yake yote." Huenda ni kweli. Mwaka 1970 wataalamu walianza kuwapima wanaume 480 wafanyao kazi katika mashamba ya chai ya nchi ya Sri Lanka, ambayo wakati ule iliitwa Ceylon. Watu hao hawakuwa na desturi ya kusafisha meno wala ya kwenda kwa daktari wa meno. Wataalamu wakaendelea kuwapima wale walioweza kuwapata mpaka mwaka 1985. Waliona kuwa katika kila watu 100, kiasi cha 11 ugonjwa haukupita hatua ya uvimbe wa ufizi. Watu 81 ugonjwa uliendelea taratibu, na walipofikia umri wa miaka 45 walikuwa wamepoteza kwa wastani meno 7. Watu 8 ugonjwa ulikwenda mbio: katika umri wa miaka 35 walikuwa wamepoteza kiasi cha meno 12, na walipofikia miaka 45 hawakubakiwa na meno. Basi babu huyo alikuwa mmoja wa wale 11. Mjukuu wake hana hati ya kumwonyesha kuwa naye yumo katika hesabu hiyo.

SI KILA DAMU NI KISEYEYE

Watu wengi wakiona damu katika ufizi husema ni kiseyeye, wakala machungwa na kungoja. Kiseyeye cha kweli ni ugonjwa wa kukosa vitamini C. Kiliwaua mabaharia wengi zamani katika safari ndefu zisizokuwa na matunda wala mboga mbichi. Mwaka 1747 James Lind, daktari katika meli ya kivita ya Uingereza, aliwagawanya mabaharia 12 wagonjwa wawili wawili, na wale wawili waliopewa machungwa na malimau ndio waliopata nafuu upesi. Lakini sisi tuna machungwa, mapera, maembe, mapapai na mchicha. Mtu alaye vitu hivi akatokwa na damu katika ufizi, haielekei kuwa sababu yake ni kiseyeye. Aendelee kula matunda, kwani yana faida nyingi, ila asidhani kwamba chungwa litaondoa ukoga.

KARAFUU INA KAZI GANI?

Husemwa kuwa katika China ya kale watu waliokwenda kuzungumza na mfalme walitakiwa watie karafuu kinywani ili pumzi zao zisimwudhi. Karafuu ilificha harufu, lakini haikuondoa kilichoileta. Hivyo ndivyo ilivyo hata leo. Katika ugonjwa wa ufizi karafuu huweza kuficha harufu na kutuliza maumivu. Haing'oi ugaga, haifiki katika mfuko wa ufizi, wala hairejeshi mfupa.

Kwa hiyo tunashauri hivi. Ikiwa jino au ufizi unauma na daktari hapatikani mpaka kesho, tafuna karafuu moja taratibu au ibane mahali penye maumivu. Ukitumia mafuta, changanya tone moja na mafuta ya kula, uchovye pamba, uguse penye maumivu, kisha uondoe. Mafuta matupu huunguza ufizi na ngozi laini ya kinywa, na mwenye kuyatia kila siku huongeza kidonda juu ya kidonda. Nafuu hiyo iwe ya kukufikisha kwa daktari, isiwe sababu ya kuahirisha.

Jambo moja twataka lishikwe sana na kila mzazi. Mafuta ya karafuu yakinywewa na mtoto ni sumu. Madaktari wamepata kuandika habari za mtoto wa miaka 2 aliyekunywa kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai akazimia, akashikwa na degedege na ini lake likadhurika. Chupa ya mafuta ikae juu, ifungwe, wala isitiwe katika chupa ya soda au ya dawa ya kikohozi. Usimpake mtoto mchanga mafuta haya aotapo meno. Na mtoto akiyanywa, usimtapishe, mkimbize hospitali.

KUZUIA

Kazi ya kuzuia ni kama palilio. Magugu ya jana ni mepesi kung'oa kuliko magugu ya mwaka jana.

1. Safisha meno mara mbili kila siku, kwa muda wa dakika 2 kila mara. Ukiwa huna nafasi ila ya mara moja, basi iwe usiku kabla ya kulala, kwani wakati wa usingizi mate hupungua na vijidudu hupata nafasi.

2. Tumia mswaki laini wa dukani au mswaki wa mti. Mswaki wa mti ni chombo kizuri, na wazee wetu hawakukosea. Ila mara nyingi mtu husugua meno ya mbele yanayoonekana, akayaacha ya nyuma na upande wa ndani ulio karibu na ulimi, na huko ndiko ugaga hupenda kujijenga. Tafuna ncha mpaka iwe laini kama burashi, na kila siku chache ikate utengeneze nyingine. Mswaki wa dukani ubadilishwe kila baada ya miezi 3, au kabla ya hapo ukichakaa.

3. Elekeza mswaki pale jino linapokutana na ufizi, usugue kwa upole kwa mwendo mfupi mfupi. Usisugue kwa nguvu kama asuguaye sufuria. Mchanga, majivu na mkaa wa kusaga hulisha jino, yafaa kuacha. Dawa ya meno yenye floraidi hulinda jino lisitoboke.

4. Safisha baina ya meno mara moja kwa siku, kwa uzi wa meno au kijiti safi na laini. Pini, sindano na miiba huchoma ufizi.

5. Ukiona damu, usiache kupiga mswaki. Hapa ndipo wengi wanapopotea: wakiona damu huogopa, wakaacha kupasugua mahali pale, na ukoga ukazidi. Endelea kwa upole. Ikiwa ugonjwa ndio kwanza waanza, damu itapungua baada ya siku chache na kukoma baada ya wiki moja au mbili. Isipokoma, nenda kwa daktari.

Twajua kwamba wakati wa msimu mambo huwa mengi. Mtu huondoka alfajiri kwenda kuchuma, akarudi jioni, na usiku bado kuna kuchambua. Lakini dakika mbili hazimshindi mtu akaaye saa nzima akichambua karafuu. Mswaki wa mti waweza kutumiwa hata njiani kwenda shamba. Katika mwezi wa Ramadhani, safisha baada ya futari na baada ya daku kabla ya alfajiri.

TUMBAKU NA TAMBUU

Avutaye sigara hupata ugonjwa wa ufizi kwa urahisi zaidi, na hupona kwa taabu. Lililo baya zaidi ni kwamba tumbaku hupunguza damu ifikayo katika ufizi, kwa hiyo hata mgonjwa huenda asitokwe na damu, akajiona ni mzima. Tambuu nayo, pamoja na popoo, chokaa na tumbaku, huchubua kinywa. Wataalamu wa kimataifa wa saratani wameihesabu popoo, hata bila ya tumbaku, kuwa ni kitu kiletacho saratani kwa binadamu. Hatusemi haya kwa kuwadharau wazee wetu wenye vijamanda vyao. Tunasema ili kila mtu ajue anachokitafuna. Kidonda au baka jeupe au jekundu kinywani lisilopona kwa muda wa wiki 2 lionyeshwe kwa daktari, hata kama haliumi.

WALIO NA HAJA YA KUANGALIWA ZAIDI

Mwenye kisukari hupatwa na ugonjwa wa ufizi kwa urahisi, na ufizi mgonjwa nao hufanya kisukari kiwe kigumu kutuliza. Huu kumtia nguvu yule. Ufizi ukitibiwa, mara nyingi na sukari hushuka kidogo. Ikiwa fizi zako zina majipu mara kwa mara, omba upimwe sukari.

Mja mzito fizi zake huvimba upesi kwa sababu ya mabadiliko ya mwili. Asikatazwe kwenda kwa daktari wa meno. Kukwanguliwa ugaga wakati wa mimba si hatari. Amweleze tu daktari kuwa ana mimba.

DAKTARI ATAFANYA NINI?

Wengi huogopa kuwa daktari wa meno kazi yake ni kung'oa. Kwa ugonjwa wa ufizi kazi yake ya kwanza ni kupima kina cha mifuko, kisha kuondoa ugaga juu ya jino na chini ya ufizi. Kama mifuko ni mirefu sana huenda akahitaji kuufungua ufizi kidogo ili asafishe. Baadaye humtaka mgonjwa arudi kila baada ya miezi kadha, kwani ugonjwa huu hutulizwa ukakaa, bali hurudi kwa mwenye kuacha usafi.

Husemwa sana kwamba kukwanguliwa hulegeza meno. Si kweli. Ugaga mwingi huziba nafasi zilizoachwa na ufizi uliokwisha kushuka, ukayashikamanisha meno kwa uongo. Ukiondolewa, mtu huona nafasi ambazo kwa hakika zilikuwapo tangu zamani. Uvimbe ukishuka, jino ambalo halijapoteza mfupa mwingi hukaza kuliko kwanza.

Kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi moja huleta nafuu, lakini si badala ya matibabu haya. Vidonge vya kuua vijidudu visinunuliwe dukani na kumezwa kwa kubahatisha, kwani ugaga ukiwa bado upo ugonjwa hurudi, na vijidudu hujifunza kuizoea dawa. Na mwenye uso uliovimba, homa, au taabu ya kumeza au kufungua kinywa asingoje kukuche. Aende hospitali saa ile ile.

Tunashauri kila mwanachama aangaliwe kinywa chake mara moja kwa mwaka, na wakati mzuri ni kabla ya msimu kuanza, pamoja na mkewe au mumewe na watoto. Matawi yetu yafaa yazungumze na hospitali iliyo karibu, wanachama waende kwa makundi. Na wakati wa kungoja siku hiyo, tazameni mate yenu leo usiku baada ya kupiga mswaki. Yakiwa na damu, anzeni kazi usiku huo huo.